Mkulima wa Mtama na Mpagazi Mvivu

Baba yangu alikuwa na mikao miwili ya kusikiliza gazeti. Ikisomwa hadithi ya Mkulima wa Mtama, alikunja miguu, akaweka kikombe cha kahawa chini na kuiweka sawa kofia yake, utadhani yuko msikitini. Ikisomwa ya Mpagazi Mvivu, alinyoosha miguu hadi katikati ya baraza, akajikuna tumbo na kusema, "Haya, tumsikie huyo mhuni." Hao walikuwa waandishi wawili katika gazeti la Kiswahili lililotoka pwani. Lilipanda gari moshi hadi Dodoma, kisha tarishi akalileta kwa miguu mpaka kwetu Kondoa, pembe zake zimeshakunjikakunjika.

Huo ulikuwa wakati wa Mdachi. Baba aliuza chumvi na samli, na kwa herufi za Kiarabu alisoma na kuandika Kiswahili vizuri kuliko watu wengi wa mtaa wetu. Herufi za Kizungu za gazeti hakuzijua, wala hakutaka kuzijua. Alisema ni maandishi yanayotembea kinyumenyume, na yeye umri wa kuwafuata wanaorudi nyuma umempita. Kwa hiyo gazeti alisomewa na mwalimu wa shule ya serikali, kijana mwembamba wa pwani aliyekuja barazani kwetu kila siku baada ya alasiri. Mimi na shangazi tulikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, tukichambua uwele. Gazeti likianza kusomwa mikono yetu ilisimama yenyewe.

Mkulima wa Mtama aliandika hadithi nzito. Moja ilikuwa ya mjane aliyelala juu ya mfuko wa mbegu mwaka wa ukame, watoto wake wakimlilia apike, naye akawakatalia hadi mvua iliponyesha. Baba aliisikiliza hiyo kimya, kisha akainuka akaenda kuwatazama ng'ombe wake bila haja yoyote. Mpagazi Mvivu, yeye, alituletea mtu aliyewaaminisha wenzake wa msafara kwamba mzigo wake una nyuki wakali, ili asiuguse mtu, naye apate kuulalia kila kituo. Baba alicheka hadi machozi, akamlaani mwandishi, akasema, "Soma tena."

Mwezi wa nne au wa tano hivi tangu aanze kutusomea, niligundua jambo. Pazia letu lilikuwa na tundu, na mimi sikuwa msichana wa kuliacha tundu likae bure. Mwalimu aliposoma habari za bei na za meli, macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Alipofika kwa Mkulima, aliyainua akamtazama baba usoni, na maneno yakaendelea kutoka. Alipofika kwa Mpagazi, akafanya vilevile. Hakuna mtu anayesoma bila kutazama, ila aliyeyaandika mwenyewe.

Nilistaajabu, na sioni haya kusema kwamba nilimpenda saa ileile. Kuandika hadithi moja nzuri ni kazi. Huyu alikuwa anamliza baba yangu na kumchekesha jioni moja, kwa majina mawili, na baba akiapa kwamba hao watu wawili wakikutana watapigana. Siku iliyofuata nilipotoa sinia la kahawa mlangoni, mwalimu akaja kulipokea. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mpagazi jana alifanya vizuri, lakini Mkulima alimshinda." Kahawa yote ikaishia kwenye kanzu yake.

Baba naye hakukaa kimya. Akamwita mwalimu, akamwandikisha barua kwa mwenye gazeti: kwamba Mkulima wa Mtama azidishiwe nafasi, na yule Mpagazi akatafute kazi ya kuchimba visima. Mwalimu aliandika kila neno, kichwa kimeinama, na mimi nyuma ya pazia nimejiziba mdomo kwa kanga. Baada ya miezi miwili Mpagazi akajibu gazetini. Alimwomba radhi mzee mmoja wa bara, akasema visima ameshakwenda kuvichimba, ila kila akichimba analala ndani. Baba alifurahi kupita kiasi. Aliisimulia sokoni wiki nzima, huku akisisitiza kwamba mtu huyo hafai.

Kisha ikaja barua ya posa. Mwalimu hakuwa na wazee karibu, akamtuma mwalimu wa chuo cha Kurani ailete, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama inavyotakiwa. Aliiandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa mara ya kwanza baba alikuwa anausoma mwandiko wa kijana huyo kwa macho yake mwenyewe. Ilianza kwa utulivu, ikitaja ukoo wake, ibada na nia yake, na baba akakunja miguu. Katikati ikageuka, ikaeleza jinsi mposaji alivyomwagikiwa na kahawa mlangoni mwa watu, na miguu ya baba ikaanza kunyooka. Halafu akafika mwisho, penye sahihi. Chini ya jina lake mwalimu alikuwa ameandika yale majina mengine mawili.

Baba aliiweka barua chini. "Mwaka mzima," alisema, "mwaka mzima ananitazama usoni nikimtukana yeye mbele yake yeye!" Alikasirika kweli, na mimi nikaona posa yangu inatoka mlangoni.

Alimwita mwalimu siku ya tatu. "Kwa nini jina lako halikukutosha?"

"Mzee wangu," mwalimu alijibu, "mtu akisikia jina hujua akae vipi. Nikichekesha kwa jina la Mkulima, siku nitakapoandika njaa watu watangoja kucheka. Nimempa kila mmoja mlango wake."

Baba alifikiri sana. Nilimjua, jibu lilikuwa limemwingia, lakini hasira nayo ilikuwa inadai chake. Akasema, "Nitakupa binti yangu kwa ajili ya Mkulima. Yule Mpagazi umzike. Sitaki neno lake tena, gazetini wala nyumbani kwako."

Nilitazama tunduni nikaona mwalimu ameshika magoti yake. "Kwa ajili ya binti yako, nimekubali," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Desturi yetu, mwari huulizwa na shangazi, naye hunyamaza. Akinyamaza ameridhia. Shangazi akanigeukia palepale, mikono imejaa uwele, akaniuliza kama nimekubali kuolewa na mwalimu. Hakuna nilichokitaka zaidi ya hicho, na nilitakiwa tu nisiseme kitu. Nikafikiria miaka yote itakayokuja, mtu huyo amekaa mbele yangu ameshika magoti yake vile.

"Mwambie baba sijaridhia," nilisema, kwa sauti iliyofika barazani. "Mtu aliyekatwa nusu simtaki. Aje mzima, au asije."

Shangazi alijiziba uso. Mwalimu akaaga, akatoka, na siku hiyo na siku nne zilizofuata hakuna aliyenisemesha nyumbani, nami nililia kila nikibaki peke yangu, maana nilijua niliyemfukuza.

Siku ya tano, baada ya sala ya adhuhuri, nilimsikia baba anamwagiza mtu shuleni.

"Mwambie mwalimu aje," alisema. "Wote watatu waje."