Diski Isiyokohoa

Watu wa mtaa ule walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa umbea. Alikuwa fundi wa kompyuta kwa miaka ishirini na miwili sasa, na kabla hajagusa bisibisi aliinama, akabandika sikio kwenye mashine, akafumba macho kama mkunga. Diski za zamani zina sahani inayozunguka ndani, na sahani ikichoka hukohoa, hukwaruza, hugonga. Sikio alizijua sauti zote. "Hii imebakiza wiki mbili," alikuwa akisema, na wiki mbili zikiisha mwenye mashine anarudi kichwa chini. Mtu wa namna hiyo huheshimiwa, na heshima, jamani, nayo huziba masikio.

Nyumbani kwake hakuwa na cha kuhofia. Kompyuta yake aliitia SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, na kila Jumatatu kabla ya chai ilijinakilia vitu vyote kwenye diski ya nje iliyokaa juu ya kabati. Wateja aliwahubiria bakapu, yaani nakala ya akiba, mpaka wengine wakawa wanamkwepa njiani. Kwa hiyo mkewe, mwalimu wa hesabu, alipotaka mahali salama pa kuweka sauti ya mama yake, hakuhangaika. Aliiweka kwa fundi.

Zilikuwa rekodi arobaini. Mama mkwe alisimulia kila kitu: alivyolelewa, alivyoposwa, nani alimdhulumu nani shamba, namna ya kumnyamazisha mtoto mwenye tumbo. Miezi miwili baada ya rekodi ya arobaini, kiharusi kikamnyang'anya maneno yake yote, kikamwachia mawili: "maji" na "bado". Kwa hayo mawili aliendelea kuiendesha nyumba nzima. Lakini sauti yake ya zamani ikawa imebaki mle ndani ya kompyuta na kwenye nakala ya juu ya kabati, si pengine.

"Sikiliza ile ya thelathini na moja," mkewe alimwambia Sikio mara nyingi. "Umetajwa." Sikio aliahidi, akaahidi tena. Kwa miaka kumi na tisa mama mkwe alikuwa akimwita "yule wa vyuma", naye hakuwa na haraka ya kulisikia hilo kwenye rekodi.

Jumatatu moja bakapu ikaleta kosa: faili moja limeshindikana. Sikio akainamia kompyuta. Kimya. Akapanda kiti, akaibandikia sikio diski ya nje, ambayo ilikuwa ya zamani, yenye sahani yake. Ikanguruma kidogo, kama mzee aliyeamshwa. Kesi ikaishia hapo: mwenye kelele ndiye mwenye hatia. Akaifuta yote, akaanza upya.

Jumatatu iliyofuata, kosa lilelile. Akabadilisha waya. Jumatatu ya tatu akaleta diski nyingine ya nje, mpya, na safari hii mafaili yaliyoshindikana yakawa mawili. Akaulaumu umeme, akailaumu programu, na siku moja akaulaumu unyevunyevu. Jirani yake, fundi wa simu, akamkumbusha kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sikio akacheka, akasema wivu huo.

Mwalimu alikuwa na daftari. Ya ndani ya kompyuta hakuyajua, ila katika kazi yake alikuwa amejifunza kwamba darasa zima likikosea hesabu moja, unalikagua swali kabla ya kuwachapa watoto. Kila Jumatatu alichungulia kioo cha kompyuta, akaandika jina la faili lililokataa. Jumamosi asubuhi akalifungua daftari lile mbele ya mumewe, palepale palipotakiwa kuwekwa mkate.

"Ukichota kwa ndoo mbili tofauti," alisema, "na zote zikaja na tope, bado utazilaumu ndoo?"

Sikio akasoma. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na moja, na thelathini na nne. Chai ikapoa. Bakapu haikuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo iliyokuwa ikimpigia kelele wiki zote zile kwamba huko inakochota hakusomeki. Akafungua programu ya kusoma taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe. Juu kabisa, kwa kijani, SSD yake iliandikwa: Nzima. Chini, kwa herufi ndogo ambazo yeye huwagombeza wateja kwa kutozisoma, makosa ya kusoma yalikuwa 187. Akajaribu kuifungua rekodi ya thelathini na moja. Kompyuta ikaganda. Alipotazama tena yalikuwa 214. Diski ilikuwa inakufa, na haikukohoa hata mara moja.

Mkewe akauliza jambo moja tu. Ile diski ya kabatini, nakala zake za kabla ya kosa la kwanza, si zilikuwa na thelathini na moja ikiwa nzima?

Zilikuwa nayo. Ndizo alizozifuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa kosa la kunguruma.

Akaizima kompyuta, akaichomoa SSD, akaenda nayo dukani kwake ameishika kwa mikono miwili. Hakujaribu kuitengeneza; mgonjwa wa namna ile hatembezwi. Alinakili kwanza yanayosomeka, kisha akarudia yanayokataa, mara moja, mara mbili, akisubiri kati. Ya thelathini na nne ilitoka kwa jaribio la tano. Ya thelathini na moja haikutoka, na alasiri diski yenyewe ikaacha kuonekana.

Mkewe alimpokea mlangoni, akahesabu usoni mwake, akajua.

"Alikuita mwanangu," alimwambia. "Mara moja tu, mwishoni mwishoni. Nilikwambia usikilize."

Kesho yake wakampelekea mama zile thelathini na tisa kwenye kompyuta ya dukani. Alijisikiliza akimsema shemeji aliyedhulumu shamba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikio akavuta kiti karibu. Watu humwona fundi mzima mwenye mvi. Pale alikuwa kama mposaji.

"Mama," akasema, "ni kweli uliwahi kuniita mwanangu?"

Mama mkwe akamtazama. Akaitazama kompyuta, kisha lile sikio mashuhuri. Upande wa mdomo uliobaki na nguvu ukapanda taratibu.

"Bado," akasema.