Nundu Kwenye Mchoro wa Joto

Tanuri la mjomba wangu pale Maji ya Chai halikubomolewa kwa siku moja. Matofali yalitolewa kadiri wanunuzi walivyokuja, kuanzia safu za nje kuelekea moyoni, mpaka likabaki fungu la majivu ambalo majirani walikuja kuchota kwa ajili ya migomba yao. Ninaueleza utaratibu huu kwa sababu bila huo nisingejua kamwe nilichofanyiwa.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, na utafiti wangu ulikuwa na swali moja: je, matofali ya udongo yanaweza kuiva kwa pumba za mpunga pekee, bila gogo hata moja? Kuni zinaimaliza miti ya miteremko ya Meru, ilhali pumba huchomwa bure kando ya mashine za kukoboa. Mjomba, kaka yake mama, alinipa tanuri zima.

"Nyumba uliyozaliwamo ni ya udongo wangu," aliniambia. "Nitakunyimaje wewe?"

Siku ya kupanga tanuri nilikwenda mjini kuchukua vipimajoto. Niliporudi alasiri nilikuta sehemu ya ndani imekwisha kupangwa na kufunikwa.

"Umechelewa, mama," alisema akinawa tope. "Tukaona tusikungoje, mvua isije ikatukuta."

Mlima ulionekana wote hadi kileleni, hakuna wingu. Nilimshukuru.

Joto lilipanda taratibu, kama nilivyokadiria, kisha katikati ya uchomaji likaruka juu ghafla na kukaa huko kabla ya kushuka. Kwenye mchoro lilifanya nundu. Nilijiuliza kuhusu unyevu wa pumba, kuhusu njia za hewa kati ya safu, kuhusu madini yaliyomo kwenye udongo wenyewe, na kila jibu lilizaa maswali mengine, hata nikajaza kurasa nyingi za maelezo. Msimamizi wangu alisema hizo ndizo kurasa bora za tasnifu. Matofali ya safu za nje yalitoka mekundu, yenye mlio mkali ukiyagonganisha. Niliwasilisha matokeo idarani, nikapigiwa makofi.

Baadaye lori lilikuja kuchukua matofali ya moyoni, nami nikaenda kuchagua sampuli za mwisho. Mpakiaji mmoja aliinua safu ya chini, na pale palikuwa na mkaa: vipande vinene vilivyolazwa kwa mpangilio, mafundo ya matawi yakionekana bado.

"Mjomba, hivi ni nini?"

Mpakiaji ndiye aliyejibu. "Hizo ni pumba za mti wa mgrevilea, dada."

Wenzake walicheka. Mjomba alinivuta kando.

"Ulitaka tanuri liwake. Limewaka."

"Nilitaka kujua kama litawaka."

"Na kama lingelala? Hapa tanuri likilala hawasemi pumba zimeshindwa. Wanasema mwenyewe hajui kuchoma. Kanisa nimelichomea mimi, shule nimeichomea mimi. Leo nichekwe kwa ajili ya pumba?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Ni kweli, ningekataa. Kwa siku kadhaa nilijaribu kukokotoa mchango wa kuni ili niutoe kwenye matokeo, lakini hakuna aliyekumbuka ziliwekwa ngapi. Tanuri lililolala lingenipa cha kuandika. Hili halikunipa chochote. Ila kilichonikosesha usingizi hakikuwa kuni. Siku ile joto liliporuka, mjomba alikuwa amesimama begani kwangu, akauliza, "Hiyo maana yake nini, mama?" Nilimweleza kwa kirefu, naye akatikisa kichwa akikubali, mpaka nikamaliza.

Jumamosi iliyofuata walikuja wageni, wafyatuaji wa matofali kutoka upande wa Terrat, ambako miti ni michache. Walikuwa wamesikia habari za matokeo yangu na walitaka kujenga tanuri la pumba tupu kabla ya masika. Mjomba aliwapangia viti, akawaandalia chai na ndizi. Mama mmoja aliyewaongoza alipapasa tofali, akanigeukia.

"Mwanangu, kuni hamkuweka kabisa?"

"Mtaalamu ndiye huyo," mjomba alidakia, akitabasamu. "Atawaambia."

Alikuwa na hakika nami. Nadhani hakuwa na shaka hata kidogo.

"Ziliwekwa," nilisema. "Katikati. Mimi sikujua."

Mwanamume mmoja aliweka kikombe chini. "Basi tumekuja mbali kuangalia tanuri kama letu."

Mjomba aliendelea kutabasamu kwa ajili ya wageni. Kisha akasema kwa Kimeru, wasielewe, "Umenivua nguo mbele za watu."

Nilitaka kumjibu kwamba yeye ndiye aliyeanza. Hadi leo natunga sentensi hiyo upya kila ninapokwenda kulala.

Msimamizi wangu ameziondoa zile kurasa na kuniagiza nichome tanuri jingine. Mama alikwenda kuniombea kwa kaka yake, akarudi na jibu: "Udongo achukue. Moto auwashe mwenyewe."

Nimeanza kufyatua. Mjomba hupita njiani akienda shambani. Namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba bila kusimama. Wale wa Terrat wamesema hawatajenga mpaka wasikie hili la pili limetokaje.