Tuko Hapa, Kwenye Migomba

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kijijini kwetu Kisiba kuvaa simu ya mkononi. Nasema kuvaa, maana kuitumia ilikuwa shida: mtandao ulipatikana kilimani tu, tena usimame umeinamia upande mmoja. Simu ya mezani ya ofisini kwa mchungaji aliiita "ile pasi".

Nikiwa kidato cha pili, asubuhi moja ya likizo, mke wa baba mdogo alishikwa na uchungu. Mkunga akampapasa, akatoka nje uso umebadilika. Mtoto amekaa vibaya. Bila gari la hospitali tutawapoteza wote wawili.

Baba mdogo akapanda kilimani mvua ikimnyeshea. Bondeni kote tulimsikia: "Haloo! Mke wangu anajifungua! Njooni haraka! Wapi? Tuko hapa, kwenye migomba!" Kisha kimya. Mtandao umekata.

Kwenye migomba! Wilaya nzima ya Rungwe iko kwenye migomba. Wangetutafuta hadi Pasaka.

Babu hakusubiri. Akavaa koti, maana kwake huwezi kupiga simu bila koti, tukateremka naye kwa mchungaji. Dada wa kuunganisha simu mjini akatuunganisha na hospitali. Babu akavua kofia.

"Ugonile, mwanangu?"

Nesi, mtoto wa huku huku, akaitikia salamu hiyo ya kikwetu. Babu akauliza watoto. Akauliza wazazi. Akauliza mvua ya Tukuyu.

"Babu, sema mgonjwa!" nikamhimiza.

"Nyamaza wewe! Nimtume mtu sijamsalimia, mimi polisi?"

Alipofika kwenye "mkamwana wangu ana uchungu, mtoto amekaa vibaya", laini ikakatika. Kijiji hajataja.

Lakini gari lilikuja, matope hadi madirishani. Dereva akatueleza: yule dada wa kuunganisha, ambaye husikiliza maongezi ya watu kila siku na wote tunamsema kwa umbea, aliwaambia hospitali kwamba waya ule unatoka kwa mchungaji wa Kisiba. Siku hiyo tuliusamehe umbea wake wote.

Mama mdogo, akipandishwa garini, akauliza, "Mume wangu yuko wapi?"

"Kilimani, anatafuta mtandao."

"Mwiteni. Mwambieni mkewe yuko huku chini."

Alipasuliwa mchana ule ule. Msichana, na wote wazima. Baba mdogo alipopakatishwa mwanawe alilia kwa sauti kuliko mtoto mwenyewe, mpaka nesi akamwambia akalilie nje, wodini kuna wagonjwa.