Nguzo Zilivyoingia Shambani kwa Mama

Baba yangu alikuwa mtu wa kusifiwa. Asiposifiwa anaumwa. Alipokuwa nyapara kwenye mashamba ya chai alisifiwa kila asubuhi na watu waliomwogopa, kwa hiyo afya yake ilikuwa nzuri tu. Kisha zikaja zile nyakati za kuuza kila kilichokuwa cha umma, mashamba yakapata tajiri mpya, na tajiri akaanza kwa kupunguza manyapara. Baba akarudi nyumbani kwetu, chini ya Tukuyu, upande wa Masukulu. Akawa anashinda barazani na koti lake la kazini, anakula ndizi za mama na kulalamika kwamba hazijaiva vizuri.

Ardhi ilikuwa ya ukoo wa baba, lakini migomba ilikuwa ya mama. Kila shina alilipanda yeye tangu alipoolewa. Migomba hiyo ilitulisha, ikatusomesha, ikamlisha na huyo mwenye koti. Upande wa chini, kando ya barabara, babu alikuwa ameacha safu ya mikaratusi mirefu. Hiyo ndiyo iliyokuwa inavunja ule upepo wa masika unaopanda kutoka Ziwa Nyasa, maana mgomba wenye mkungu hauna nguvu ya kushindana na upepo.

Kando ya barabara hiyo hiyo ulipita waya wa umeme kwenda kiwanda cha chai na nyumba chache za wenye nazo. Kila masika mti ulianguka juu yake, na giza likakaa wiki nzima. Basi wakaja watu wa mradi, wageni tupu, na injinia wao mwenye ramani ndefu kama kanga. Wakaitisha mkutano shuleni. Injinia akasema wafadhili wako tayari kuleta nguzo mpya na waya mnene, laini isiyotikisika, lakini kwanza tukate miti yote iliyo karibu na njia. Tusipokata, mradi unakwenda vijiji vingine.

Nani akate miti yake kwa ajili ya taa ya mwenzake? Mwenyekiti wa kitongoji, jirani yetu, mwenye mikaratusi minene kuliko yetu, akawa anaangalia dari.

Baba akasimama. Eti, "Injinia, mimi ninaanza. Kesho!"

Weee! Makofi hayo! Injinia akamwita mbele, akamshika bega, akasema mzee huyu ni mfano wa kuigwa. Nilikuwa nimekaa na mama upande wa wanawake. Yule aliyekuwa mbele yetu akageuka kumtazama mama usoni, kama mtu anayechungulia sufuria ya msiba. Mama alikuwa anapiga makofi na yeye. Ungefanyaje mbele za watu?

Nyumbani akamwambia, "Baba wa watoto, kata nusu. Niachie ile inayokinga migomba."

"Wewe unajua nini habari za umeme?"

"Umeme sijui. Upepo naujua."

Akamcheka. Akakata yote, akiwa amevaa lile koti. Wapita njia wakamshangilia: tangulia mzee, na sisi tunakuja nyuma! Thubutu. Hakuna aliyekuja nyuma. Mwenyekiti hakugusa hata tawi. Jioni alikuja kwetu kunywa chai na kumwambia baba kwamba kijiji kizima kingekuwa na watu kama yeye, tungekuwa mbali. Baba alikuwa anameza maneno hayo kuliko chai.

Masika ikaingia. Alasiri moja upepo ukapanda kutoka ziwani, ukapita pale palipokuwa na mikaratusi bila kuzuiwa na chochote. Tulisimama mlangoni tukatazama migomba ikilala, mmoja baada ya mwingine, yote ikielekea mlimani kama nywele zilizochanwa. Mama alikuwa anasema "Kyala, Kyala," akimwita Mungu kwa Kinyakyusa chake, mpaka mgomba wa mwisho ulipolala.

Na umeme? Ukakatika vilevile! Mkaratusi wa mwenyekiti, hatua chache tu toka mpakani kwetu, ulikuwa umeuangukia waya na kuuburuza chini.

Mvua haijaisha, majirani wakafika na mapanga na matenga, eti ndizi zisiharibike. Walikata mikungu mbele ya macho ya mama huku wakicheka. Mwenyekiti mwenyewe akapiga kelele, "Lakini mzee, nguzo za kwako zimesimama!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba naye akacheka. Nilimchukia siku hiyo, na bado namchukia, na simung'unyi maneno kwa sababu amekufa.

Mama hakukata tamaa. Mgomba ukianguka shina halifi. Akasafisha, akaweka samadi, na baada ya muda machipukizi yakatoka kila mahali, mekundu mekundu, yenye afya. Nikamsikia akiimba kwa mara ya kwanza tangu ile alasiri.

Ndipo injinia akarudi na ramani yake. Wenye miti wamegoma, akasema, kwa hiyo laini haitafuata barabara tena. Itakata moja kwa moja. Akazunguka akitafuta pa kupitia, akasimama katikati ya shamba la mama, akafurahi. "Hapa pameshakuwa wazi. Hapa hapatusumbui."

Mama akauliza fidia. Akaambiwa fidia ni ya mazao yaliyosimama, na haya aliyaangusha Mungu. Akauliza atapanda nini chini ya waya. Maharage, akajibiwa, viazi, chochote kifupi. Migomba, marufuku.

Nguzo zikasimikwa, nene, zimeshindiliwa kwa mawe, na kweli hazikutikisika tena. Kijiji kikapata taa. Mradi ukahitaji mlinzi wa njia, mtu wa kufyeka kila kinachoota chini ya waya, na injinia hakusahau mfano wake wa kuigwa. Baba akapewa buti, panga jipya na koti la mvua la manjano. Asubuhi ya kwanza watu walisimama barabarani kumwona, kwa hiyo akaanza na kwake.

Alipita chipukizi kwa chipukizi. Mama akatoka jikoni, akasimama nyuma yake na mikono yenye unga, akamwangalia kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukikata juu tu yataota tena, baba wa watoto. Ng'oa na shina."

Baba akaona ni ushauri mzuri. Akaingia ndani kuchukua jembe.