Mtunzaji wa Pili

Wifi yangu Jescah hana maneno mengi, na mimi ninayo ya watu wawili, kwa hivyo wacha niseme mimi. Anaishi peke yake Lurambi tangu ndugu yangu Eugene afariki, miaka mitatu sasa. Ukipita hapo mchana utamkutanga mezani na kompyuta, chai imepoa, mlango wazi na hakuna anayeingia.

Yeye na Eugene walitengeneza plagini, yaani kipande cha programu unachochomeka kwenye programu kubwa ili ifanye kazi isiyoijua. Hiyo kubwa ni hifadhidata ya bure, inatunzwa na watu wa nchi nyingi kwa kujitolea. Eugene alichoka kuona kliniki zinazoitumia zikiandika kila mzee kwamba alizaliwa tarehe moja Januari, ati kwa sababu kompyuta ilikataa kupokea "wakati wa mvua, sitini na moja au sitini na mbili." Plagini yao inapokea.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tulipoketi nyumbani kwetu Musanda kunyolewa nywele kama ilivyo desturi na kugawa vitu vya marehemu, koti lilipata mtu, baiskeli ikapata mtu. Plagini haikutajwa. Nani angeijua? Jescah akabaki nayo. Kila toleo jipya la hifadhidata likitoka, plagini inaharibika, naye anaitengeneza upya.

Mwezi wa tano mwaka huu kamati inayosimamia hifadhidata ikaanza kuchagua plagini za kuingizwa kwenye kiini cha hifadhidata, zikae humo zikitunzwa na wote. Jescah alifurahi mpaka akaanza kula vizuri. Sharti lilikuwa moja: kila plagini iwe na watunzaji wawili. Na yake ilionyesha wawili, Jescah Navalayo na Eugene Barasa. Hakuwa amemwondoa. Miaka mitatu hakuwaambia wale watu kwamba mume wake amekufa!

Kamati ikamwandikia Eugene athibitishe kufikia Ijumaa.

Paswadi ya Eugene, Jescah anayo. Nikamwambia afungue barua pepe ya kaka, aandike ndiyo, yaishe. Akatikisa kichwa. Nikakasirika, nikamwambia basi aweke jina langu, kwani mimi si Barasa?

"Wifi, wakikuuliza kitu utajibu nini?"

Mimi ni fundi wa cherehani.

Ijumaa akawaandikia ukweli. Walijibu kwa upole, wakampa pole, lakini sheria ni sheria, plagini itabaki nje. Wakaomba pia jina la Eugene litolewe, na hilo angeweza kulifanya mtunzaji mwenzake tu. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alibonyeza, akangoja ukurasa ufunguke tena. Chini ya watunzaji palikuwa na jina moja.

"Nilikuwa naona kama bado tuko wawili," akasema.

Nikalia mimi. Yeye akavuta kiti karibu na meza, maana toleo jipya lilikuwa linatoka Jumatatu.