Bibi wa Majivu Kwenye Sinema ya Kanisani

Mimi niliishia darasa la tatu, mashine ya kukoboa mpunga nimenunua kwa jasho langu hapa Rujewa, na kucheka nacheka nitakavyo. Mwezi mmoja baada ya kumzika mke wangu, vijana wa usharika walionyesha kanisani sinema yao ya dunia iliyoteketea: mapanga ya mbao, majivu ya pumba kutoka mashineni kwangu.

Akatokea bibi kapakwa majivu uso mzima, anakimbia huku akichechemea. Nikapaza sauti: "Huyo anakufa kama kuku wa mdondo!"

Hakuna aliyecheka.

Bibi akaanguka, akaita: "Baba Tumaini, nishike mkono!"

Baba Tumaini ni mimi, na sauti ile nimeishi nayo miaka arobaini.

Mchungaji akaniinamia sikioni. "Mzee, mama alituomba tusikwambie. Alisema utamcheka."