Kiapo cha Mjomba Twaha

Harufu ya petroli ikichanganyika na vumbi la njano la machimbo bado hunifanya nifunge madirisha. Ndiyo harufu ya kipupwe chetu cha mwisho na Mjomba Twaha, pale Rosettenville, mtaa wa jiji la machimbo ya dhahabu. Alikuwa mdogo wake mama. Bibi alipofariki Tanga, mama ndiye aliyemlea, na alipomfuata baba yangu aliyekuwa akirudi kwao kutoka uhamishoni, alimchukua na yeye. Siku za kazi mjomba alitengeneza magari ya watu. Jumapili aliendesha gari la mashindano la kiti kimoja, lenye bawa pana nyuma. Mama alilichukia gari lile kama mke mwenza.

Kazi ya bawa alinifundisha tukiwa kwenye pikapu yake. "Toa mkono nje, mjomba. Ulaze, uinamishe mbele kidogo." Tukiwa tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, upepo haukuwa na habari nami. Alipoongeza mwendo kiganja kikaanza kusukumwa chini, na tulipoingia barabara kuu nilishindwa kukizuia. "Umeona? Mwendo ukiwa mara mbili, hewa inakandamiza mara nne. Kwenye ile kona kubwa, hiyo ndiyo inayonishikilia chini. Nikiachia mafuta katikati, nayo inaniachia." Nilimuuliza kwa nini asimweleze mama. Alicheka tu. Kwa mama, usalama ulikuwa kwenda polepole, na nani angebishana na aliyemlea?

Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi mama alimsimamisha mlangoni. "Niapie, Twaha. Kwenye kona utapunguza." Naye alijibu, "Wallahi, dada, nitapunguza." Akaenda, akavunja kiapo, akarudi mzima. Hakuwa na uwezo wa kulisha maskini, basi alifunga siku tatu za kafara ya kuvunja kiapo, na chakula chake cha mchana nilikula mimi. Mama alimwona anavyofunga kila wiki akaamini mdogo wake amekuwa mcha Mungu. Alifurahi mno. Ndiyo maana Jumapili moja alisema kwamba naye atakwenda kumtazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alichagua kusimama nje ya uzio, penye kona ile ile, kanga yake nyekundu ikionekana kutoka mbali. Nilikuwa nimemshika mkono. Gari lilikuja likivuma kwa sauti moja kali, likaingia kwenye kona, na hapo hapo katikati mvumo ukashuka. Nilisikia vizuri kabisa. Mjomba alikuwa ameachia mafuta. Nyuma ya gari ikatoka njiani, gari likazunguka na kubamiza ukuta. Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu yeyote. Mjomba alizikwa kesho yake, mbali na Tanga.

Sasa nina watoto ambao hujibu Kiswahili cha bibi yao kwa Kizulu, na magari yao ya kuchezea yana mabawa ya plastiki. Kila akiyaona, mama huwakalisha chini. "Mjomba wa mama yenu aliniapia," huwaambia, machozi yakimtoka. "Angenisikia siku ile, angekuwa hai." Nachukia jibu ninalolijua. Watoto hunitazama, wakingoja niseme kitu, nami nasema, "Msikilizeni bibi yenu."